Mama Hapana

Kama umewahi kufokewa na mtu mpaka ukasahau ulichokosea, basi nusu ya Mama Hapana unaijua. Nusu iliyobaki ni goti lake la kushoto. Goti hilo halikunjiki vizuri, na kila anapopanda ngazi hutanguliza mguu wa kulia, halafu anauvuta wa kushoto ufuate huku akilaani chini chini. Ukimuuliza lilipatwa na nini atakwambia, "Utii." Kisha anakuacha hapo hapo umeduwaa, anaenda zake.

Kazi yake ni kufundisha watu kuvuka. Chuo chenyewe zamani kilikuwa ghala la saruji, na mpaka leo ukiubamiza mlango, vumbi la kijivu linashuka kutoka darini na kukutulia mabegani. Kampuni iliyokuja kusimika mitambo ya upepo baharini ililikodi ghala hilo, ikalipaka rangi nyeupe, ikajenga ndani yake mnara wa chuma wa kufanyia mazoezi ya kupanda, na uani ikachimba bwawa. Mitambo yenyewe watu wa mjini wanaiita mafeni. Wameshaelezwa mara nyingi kwamba feni hula umeme na hii huuzalisha, wakaitikia kwa kichwa, na wakaendelea kuiita mafeni.

Wanaokuja kujifunza hapo ni watu wazima waliokuwa na kazi zao: mafundi umeme, wachomeleaji, watu wa gereji. Wanafundishwa kupanda wakiwa wamejifunga mikanda, kuzima moto mahali pembamba, kuelea majini na nguo zote mwilini, na kumteremsha mwenzao aliyezimia huko juu. Kwa zoezi hilo la mwisho kuna sanamu lenye uzito wa mwanamume aliyeshiba. Wanaliita Shemeji, kwa sababu linabebwa kila mahali, halisaidii chochote, na huruhusiwi kulidondosha.

Lakini hayo yote ni kazi bure kama mtu hajui kuvuka. Mafeni yako mbali na nchi kavu. Boti inakupeleka mpaka pale, inaigandamiza pua yake kwenye nguzo ya mtambo, na injini zinaendelea kusukuma ili isichomoke. Mbele yako kuna ngazi ya chuma iliyosimama wima. Unatakiwa utoke kwenye pua ya boti, uishike ngazi, upande. Ni hatua moja tu, na sakafuni hata mtoto mdogo angeipiga. Ila boti inapanda na kushuka, ngazi haipandi wala haishuki, na katikati yake kuna upenyo unaofunguka na kujifunga. Mguu ukiwa ndani wakati upenyo unajifunga, huo mguu si wako tena.

Kwa sababu hiyo kuna desturi katika boti za kazi hiyo, na pale chuoni Mama Hapana aliishikilia kwa meno. Anayevuka ndiye anayeamua. Si nahodha, si mwalimu, si mwenye kampuni. Akiona hapafai anaweka mikono miwili juu ya kofia yake ngumu, anaipishanisha, na anasema hapana. Boti nzima inageuza na kurudi nyumbani. Na hakuna ruhusa ya kumuuliza kwa nini, si pale baharini, si gatini, si hata wiki ijayo. Mtu akijua kwamba ataulizwa, badala ya kuitazama bahari ataanza kutafuta jibu, na akikosa jibu la kueleweka, atavuka.

Kuieleza desturi hiyo kulikuwa rahisi. Kuitia mioyoni mwa watu ndiko kulikokuwa balaa. Siku moja alimwamuru mwanafunzi mmoja, jitu la miraba minne waliloliita Bondia, apande mnara bila kufunga kulabu za mkanda wake. Alikuwa anamjaribu tu. Bondia akapanda. Mama Hapana akapandwa na mori, akamshusha kwa maneno ambayo yalisikika mpaka kwenye maduka ya ng'ambo ya barabara. Nimekwambia ukajiue, na wewe unakwenda? Akaligeukia darasa zima akauliza walitakiwa kusema nini mtu akiwaamuru upuuzi kama ule.

"Hapana!" wakajibu wote kwa pamoja, wamekakamaa, macho mbele.

Nusura alie kwa hasira. Walikuwa wamesema hapana kwa sababu wameamriwa waseme. Angewaamuru waseme ndiyo, wangesema ndiyo kwa sauti ile ile.

Walimwogopa, na hilo alilijua. Asichokijua ni afanye nini, maana njia nyingine ya kufundisha hakuwa nayo. Mumewe, fundi saa, mtu wa maneno machache aliyezoea kutazama vitu vidogo kwa muda mrefu, alimwambia mezani kwamba anawafundisha watu kukataa, lakini hakuna atakayethubutu kumkatalia yeye. "Hata mimi mumeo sithubutu," alisema. Mkewe alimkata jicho moja tu, na fundi saa akarudisha uso kwenye sahani yake.

Sasa, mkuu wa chuo hicho alikuwa kaka yake Mama Hapana, tumbo moja, wametofautiana umri kidogo tu. Mama yao alikuwa mfagiaji wa ofisi za bandari, na wote wawili walikulia kwenye ngazi za ofisi hizo wakisubiri amalize. Kaka alianza kazi ya bahari mapema, akapanda cheo mpaka akawa nahodha wa boti ya marubani, ile boti ndogo inayompeleka rubani kwenye meli kubwa ili aiongoze kuingia bandarini. Ni yeye aliyemwingiza dada yake kazini, wakati mabaharia wenzake walipokuwa wanaapa kwamba mwanamke akikanyaga boti yao, wao watashuka. Kaka aliwaambia washuke. Hakushuka hata mmoja. Haki yake apewe: siku hiyo alisimama kidete.

Lakini kuna siku nyingine. Bahari ilikuwa imechafuka, meli imesimama inasubiri, rubani yuko kwenye boti anafoka, na ngazi ya kamba iliyoteremshwa kutoka melini ilikuwa imejisokota. Kaka yuko kwenye usukani. Akasema, "Ruka ukaikamate." Mdogo mtu akatazama. Aliona wimbi linalokuja haliko sawa, aliliona waziwazi kama unavyoona mtu anaingia mlangoni. Lakini aliyesema ruka alikuwa kaka yake, mkubwa wake na nahodha wake, watu watatu kwa mdomo mmoja. Akaruka. Boti ikanyanyuka na goti lake likabaki kati ya boti na meli.

Kaka alimbeba mwenyewe. Alikaa naye hospitali, akamlipia, akaacha kazi ya ile boti, na miaka ilipopita akapewa chuo, mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa dada yake. Kila ndugu alimwambia dada huyo ashukuru, naye alishukuru. Kuhusu ile siku, Kaka hakuwahi kutamka neno. Akilikuta goti limenyooshwa kwenye kiti, alikuwa analizunguka kama watu wanavyoizunguka ndoo iliyoachwa njiani. Na hasira ya mdogo wake ikabaki pale pale, imekaa mkao wa kula.

Darasa la safari hii lilikuwa limebakiza jambo moja: kuvuka kwa kweli, kwenye nguzo ya mazoezi iliyosimikwa nje ya ghuba. Waliahidiwa boti kwa wiki nzima. Asubuhi ya Jumatatu Mama Hapana aliingia ofisini kwake akakuta meza imejaa majaketi ya kuokolea, mapya, bado yana lebo za dukani, na juu yake maboksi ya vitafunio yamefungwa utepe. Akauliza ni ya nani. Akaambiwa ni ya wageni wa kampuni, wanakuja kutembezwa wakayaone mafeni.

"Watatembezwa na boti gani?" aliuliza.

Aliyachukua maboksi akayamwaga kwenye korido, moja baada ya jingine, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake bila kubisha hodi.

Kaka alimweleza kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekwisha kukubali mwenyewe kabla hajakuomba ukubali. Darasa litapata boti siku moja, kesho. Siku zinazobaki ni za wageni. Na meli kubwa ya kazi inafika mwisho wa juma kuwachukua mafundi. Aliyevuka ataondoka nayo, asiyevuka nafasi yake anapewa mtu aliyefunzwa kwingine. Alisema alijaribu. Mama Hapana akamuuliza alijaribu vipi, alisema maneno gani hasa. Kaka akaanza kupanga vitu mezani. Dada yake alikuwa anamfahamu vya kutosha kujua kwamba hakusema lolote, alikohoa tu na kuitikia. Akamtolea uvivu, akamwambia amewauza watu wake kwa vitafunio, akaondoka. Vumbi la saruji lilishuka korido nzima.

Kesho yake upepo ulikuwa umeamka kabla ya watu. Nahodha wa boti ya mazoezi, mzee mpole asiyependa makuu, alitazama nje ya ghuba akasema bado panavukika, ingawa kwa shida. Mama Hapana alishika hilo neno panavukika, mengine akayaacha. Walipotoka kwenye ghuba boti ilianza kurukaruka, na wanafunzi wakashikilia viti vyao, nyuso zimewabadilika. Alisimama mbele yao akining'inia kwenye bomba, goti linamwuma, damu inamchemka. Aliwaambia leo wanavuka wote. Aliwaambia kuna watu wanasubiri washindwe ili nafasi zao zigawiwe, na yeye hatawapa furaha hiyo. Aliyasema hayo kwa ajili yao, na alikuwa anayaamini.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa binti mmoja waliyemwita Antena, kwa sababu kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kufunga antena kwenye mapaa ya watu. Alikuwa na mtoto mdogo anayelelewa na mama mkwe, na mama mkwe huyo kila jioni alimuuliza kama ameshaajiriwa kwenda kupanda mafeni au bado anabebana na shemeji wa plastiki. Kati ya wote ndiye aliyepanda vizuri zaidi, na ndiye aliyeongea kidogo zaidi. Mama Hapana alimpenda, na alionyesha hilo kwa kumfokea mara chache kuliko wengine.

Boti ikaigandamiza nguzo. Injini zikanguruma. Antena akasogea mpaka kwenye pua, akasimama mbele ya ngazi, mikono tayari. Boti ikapanda, ikashuka. Ikapanda tena. Hakwenda.

"Vuka," Mama Hapana alisema.

Ikashuka, ikapanda. Safari hii ilitulia kidogo pale juu, na ngazi ilikuwa karibu kabisa, ya kuchukua tu.

"Vuka, binti. Unasubiri nini? Vuka!"

Antena alinyanyua mikono miwili akaipishanisha juu ya kofia yake. Hakugeuka nyuma.

"Hapana," alisema.

Wenzake walitazama sakafu. Nahodha alitoa kichwa dirishani, akasubiri. Mama Hapana alihisi hasira inapanda kutoka kwenye goti, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Alikuwa na siku moja. Alikuwa na boti moja. Alikuwa na watu wazima walioacha kazi zao, na huyu, mpandaji bora wa wote, anamsimamishia dunia mahali ambapo hata yeye mwenye goti moja angeweza kuvuka. Alikuwa anataka kusema maneno mawili tu, na yalikuwa yameshafika kwenye ulimi.

Bondia akamtangulia. "Kwa nini?" alisema, kwa uchungu wa mtu aliyeona mshahara wake unazama. "Mbona panavukika? Kwa nini?"

Kuyasikia maneno yale kwenye mdomo wa mwingine kulimpiga Mama Hapana. Alimgeukia Bondia.

"Umeuliza nini?"

Bondia alirudi nyuma hatua moja.

"Rudia. Nataka nisikie umeuliza nini kwenye boti yangu."

"Sijauliza kitu, Mama."

"Hujauliza kitu." Alimwashiria nahodha kwa mkono. "Geuza. Tunarudi."

Nahodha akageuza. Sasa ningependa kukwambia kwamba hapo hapo likaja wimbi kubwa, likaipiga ile nguzo, wote wakashika vifua na kumshukuru binti. Halikuja. Mama Hapana alikaa ameigeukia nguzo akilisubiri kwa hamu, analiomba lije, likate maneno. Bahari ikaendelea vile vile, inachemka kidogo, inatulia kidogo, na yawezekana kabisa kwamba wangevuka wote na kurudi wakicheka. Hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua. Jambo hilo lilimkera kuliko yote.

Alimsogelea Antena akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka boti ilipoingia kwenye maji matulivu ya ghuba.

"Siku nyingine wewe ndiye wa kwanza tena," Mama Hapana alisema hatimaye.

"Kama patafaa, Mama."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu hivyo. Alitaka kumfokea, akagundua hana cha kufokea.

Kaka alikuwa gatini anasubiri. Aliwahesabu kwa macho, akaona nyuso, akaelewa. Alimwita mdogo wake ofisini, akafunga mlango taratibu ili vumbi lisishuke. Hakumuuliza nini kimetokea. Alimwambia asikilize bila jazba. Watu hawa wanajua ngazi, wanajua mikanda, bwawani wameshakunywa maji ya kutosha. Kilichobaki ni hatua moja, na hatua hiyo wataizoea huko huko kazini, pamoja na wenye uzoefu.

"Tuseme tu wamevuka," alisema. "Nani atauliza? Tuseme wamevuka, waende, wapate ajira zao."

Mama Hapana hakuwa amevua kofia yake ngumu. Alinyanyua mikono miwili, pale pale ofisini, mbele ya kalenda ya kampuni na birika la chai, akaipishanisha juu ya kofia.

"Hapana."

"Kwa nini?" Swali lilimtoka Kaka lenyewe.

"Haliulizwi hilo."

"Usiniletee mambo ya darasani. Unajua watakosa kazi? Unajua na mimi nitasimama wapi?"

"Najua."

"Kwa hiyo?"

Alishusha mikono. Akavuta kiti, akakaa, akalinyoosha goti katikati ya njia, mahali ambapo haliwezi kuzungukwa.

"Siku ile niliona, Kaka. Wimbi halikuwa sawa, nililiona. Na wewe uliliona. Pale kwenye usukani mtu anaona vizuri kuliko aliye chini. Uliliona, ukasema ruka."

Kaka alisimama hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutamkwa kati yao, na alionekana kama mtu aliyekuwa analisubiri kila siku akitoka nyumbani.

"Rubani alikuwa ananifokea," alisema. "Meli imesimama. Bandari iko kwenye redio, wanauliza, wanauliza. Ningefanya nini?"

"Ungewaambia."

"Ningewaambia nini?"

Mama Hapana aliinuka kwa mguu wa kulia, akauvuta wa kushoto, akatoka. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi, na juu ya benchi walikuwa wamemlaza Shemeji, mikono kifuani. Alimsukuma akapata nafasi ya kukaa. Ukuta wa ofisi ile ni wa mbao nyembamba, na mtu akiongea ndani unamsikia hata kama hutaki.

Halafu akasikia simu inapigwa, na sauti ya kaka yake inasalimia kwa heshima zote. Inaeleza kwamba boti kesho haitakwenda na wageni, wala keshokutwa. Darasa halijavuka, boti ni ya darasa. Ikanyamaza. Upande wa pili walikuwa wanaongea, na waliongea sana.

"Hapana, mheshimiwa," Kaka alisema. Alilisema vibaya, kwa kukwama, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Wakaongea tena. "Hapana. Na meli itasubiri mpaka wavuke." Wakauliza kitu. Akavuta pumzi. "Hapana tu."

Simu ikawekwa chini. Paa halikuanguka. Ndani kiti kililia, mtu mzito amekaa.

Pale kwenye benchi Mama Hapana alipaswa kufurahi, na wanafunzi walipoambiwa baadaye walifurahi mpaka Bondia akamkumbatia Antena mbele za watu. Yeye hakufurahi. Alikaa ameshika goti kwa mikono yote miwili, na hasira ilikuwa inampanda upya, kubwa kuliko ya boti, kubwa kuliko ya maboksi. Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba kaka yake ni mtu ambaye neno lile, hapana, halimo ndani yake, kwamba kuna watu wameumbwa hivyo, na huwezi kumdai mtu asichokuwa nacho. Kumbe neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo hata siku ile kwenye usukani, huku redio inauliza, na hakulitoa.